Mafua ya mama mjamzito si mafua tu

Haya ni mazungumzo ya juma yaliyosomwa redioni. Tunayachapisha hapa kwa ajili ya wasomaji ambao hawakubahatika kuyasikia.

Ukipanda basi Dar es Salaam kwenda Moshi au Arusha, ukishapita Korogwe na Mombo utafika Mazinde. Kulia kwako imesimama milima ya Usambara, na huku chini kwenye tambarare ni nchi ya mkonge. Watu wa huko walilijua neno korona muda mrefu kabla dunia haijalisikia. Kwao korona ni mashine ya kukwangulia mkonge, na jina hilo lilikuja na mitambo ya Kijerumani. Jani linaingia bichi upande huu, linapondwa na kukwanguliwa nyama yake, na upande wa pili zinatoka singa. Mashine hiyo inataka kufungwa kwa kipimo. Ikikazwa kupita kiasi inazikata na singa zenyewe, na kazi yote inakuwa hasara.

Naomba uiweke mashine hiyo akilini, maana leo nataka tuzungumze juu ya korona ile nyingine, yaani Uviko, pamoja na ndugu yake homa ya mafua. Nataka tuone kinachotokea ndani ya mwili wa mama mjamzito anapoambukizwa magonjwa haya ya njia ya hewa. Wataalamu wameipa habari hii jina gumu: msongo wa oksijeni. Maana yake si ngumu hata kidogo, na inahusu uhai wa watu wawili kwa mpigo.

Tuanze na mazoea yetu. Baba akishikwa na mafua siku mbili, nyumba nzima inajua. Chai ya tangawizi itachemshwa, watoto wataambiwa wasipige kelele. Mkewe mwenye mimba ya miezi saba akikohoa, tunamwambia, "Ni mafua tu, yatapita," naye anabeba ndoo yake anakwenda bombani. Na kweli, mara nyingi yanapita. Wajawazito wengi wanaoshikwa na mafua hupona salama. Lakini yasipopita, mjamzito huzama haraka kuliko mtu mwingine wa umri wake, na ushahidi wa jambo hili una zaidi ya miaka 100.

Mwaka 1918 homa kubwa ya mafua iliizunguka dunia yote. Afrika Mashariki haikusalimika. Maradhi yalishuka bandarini na kupanda bara pamoja na watu waliosafiri. Mwaka 1919 daktari mmoja wa Marekani, J. W. Harris, alichapisha hesabu ya wajawazito 1,350 waliougua homa hiyo. Katika kila 100, walikufa 27. Kwa wale ambao mafua yaligeuka kuwa nimonia, alikufa mmoja katika kila wawili.

Mwaka 2009 yalipoingia mafua ya aina ya H1N1, yale tuliyoyaita mafua ya nguruwe, Marekani tayari ilikuwa na vyumba vya wagonjwa mahututi na mashine za kupumulia. Hata hivyo wajawazito, ambao ni kama mtu mmoja katika kila watu 100 wa nchi ile, walikuwa 5 katika kila watu 100 waliokufa. Kisha ukaja Uviko. Mwaka 2022 watafiti wa nchi sita za Afrika, zikiwamo jirani zetu Kenya, Uganda na Kongo, walitoa matokeo yao. Mjamzito aliyelazwa hospitali kwa Uviko alikuwa katika hatari ya kufa kama mara mbili ya mwanamke aliyelazwa kwa ugonjwa huo huo bila mimba.

Sasa tujiulize, kwa nini iwe hivyo?

Sababu nyingine ni za wazi. Mtoto anapokua tumboni anasukuma juu ule ukuta wa misuli ulio chini ya mapafu, na nafasi ya kupumulia inapungua. Wakati huo huo mwili wa mama unahitaji oksijeni zaidi, kama sehemu moja ya tano juu ya kawaida yake au zaidi, na damu yake inaongezeka karibu nusu. Moyo unafanya kazi ya watu wawili. Kinga ya mwili nayo inabadilika, maana inabidi imvumilie mtoto ambaye nusu ya asili yake ni ya baba.

Sababu nyingine imejificha, nayo ndiyo hiyo ya msongo wa oksijeni. Kila mtu anajua kuwa bila hewa ya oksijeni hakuna uhai. Lakini angalia jembe lililoachwa nje msimu mmoja: lina kutu. Oksijeni hiyo hiyo tunayoivuta ndiyo iliyokula chuma. Ndani ya miili yetu chakula kinachomwa kwa oksijeni ili tupate nguvu, na katika uchomaji huo sehemu ndogo ya oksijeni hugeuka kuwa chembe chokozi ambazo wataalamu huziita radikali huru. Hizi hushambulia chochote kilicho karibu: mafuta ya kuta za seli, protini, hata maandishi ya urithi yaliyo katikati ya seli.

Mwenyezi Mungu hakutuacha bila walinzi. Mwaka 1969 wanasayansi wawili wa Chuo Kikuu cha Duke kule Marekani, Joe McCord na Irwin Fridovich, walieleza kimeng'enya ambacho kazi yake ni kuzizima chembe hizo. Wapo walinzi wengine wanaotengenezwa na mwili wenyewe, na wengine huletwa na chakula, kama vitamini C na E. Siku zote kuna mizani kati ya chembe chokozi na walinzi wake. Mizani ikilemea upande wa uchokozi, ndipo tunaposema mwili umeingia katika msongo wa oksijeni. Jina hilo lilienea kuanzia mwaka 1985 kwa kazi ya Mjerumani Helmut Sies.

Virusi vya mafua vinapoingia kwenye njia ya hewa, chembe nyeupe za damu hutoka kupigana. Silaha yake mojawapo ni hizo hizo chembe chokozi, zinazomwagwa kwa makusudi ili kumwua adui. Vita vikienda kwa kipimo, adui anakwanguliwa na mwili unabaki mzima. Vikizidi kipimo, mapafu yenyewe yanakatwa kama singa kwenye korona iliyokazwa vibaya. Mwaka 1989 Wajapani wa Chuo Kikuu cha Kumamoto walionyesha jambo hili kwa panya walioambukizwa mafua. Mapafu ya panya hao yalijaa uchokozi wa oksijeni, na walipopewa kile kimeng'enya kilichoandaliwa kwa namna ya pekee, wengi waliokoka. Maana yake ni kwamba mapafu yalikuwa yakiumizwa na virusi pamoja na hasira ya mwili wenyewe.

Sasa mpeleke mama mjamzito katika vita hivyo. Yeye mizani yake tayari ina mzigo. Kondo la nyuma, lile linalomlisha mtoto, katika miezi ya kwanza huishi kwenye oksijeni kidogo. Ifikapo kama mwisho wa mwezi wa tatu, damu ya mama hufunguka kuingia humo kwa wingi, oksijeni inapanda ghafla, na walinzi wa kondo wanapaswa kuongezeka haraka. Kwa hiyo hata mimba yenye afya kabisa ina msongo wake mdogo. Juu ya mzigo huo ukiongeza homa kali, mapafu yaliyoumia na upungufu wa hewa, mizani inalala. Wakati wa Uviko watafiti waliopima kondo za akina mama walioambukizwa walikuta alama za msongo huu. Kondo likiumia, chakula na hewa ya mtoto vinapungua. Anaweza kuzaliwa kabla ya wakati, au akazaliwa mdogo, na wakati mwingine tunampoteza kabla hatujamwona.

Ndugu msikilizaji, najua ninapofika hapa wapo wanaosema: basi dawa ni rahisi, tununue vidonge vya vitamini C na E, tumpe mama ameze, walinzi waongezeke. Wapo hata wafanyabiashara wanaopita na chupa zenye maandishi ya kupendeza, wanadai dawa yao "inaondoa sumu mwilini". Tuwe waangalifu. Jambo hili limekwisha kupimwa.

Mwaka 2006 Uingereza ilitoa matokeo ya wajawazito kama 2,400 waliokuwa katika hatari ya kupata kifafa cha mimba, ugonjwa ambao nao unahusishwa na msongo wa oksijeni. Nusu walipewa vitamini C na E kwa wingi. Hawakukingwa, tena watoto waliozaliwa na uzito mdogo walikuwa wengi zaidi upande wa waliomeza vidonge. Mwaka 2010 Marekani ikatoa matokeo ya wajawazito kama 10,000. Nako vidonge havikufua dafu. Mwaka 2016 Shirika la Afya Duniani likasema wazi kuwa vitamini C na E zisitolewe kwa wajawazito kwa nia ya kuboresha mimba.

Lakini sikiliza na upande wetu. Dar es Salaam, kuanzia mwaka 1995, madaktari wa Muhimbili na wenzao wa Harvard waliwafuatilia wajawazito 1,075 wanaoishi na virusi vya Ukimwi, baadhi yao wakapewa mchanganyiko wa vitamini za aina ya B, pamoja na C na E. Matokeo yalitoka mwaka 1998: vifo vya watoto tumboni vilipungua kwa asilimia 39. Mwaka 2007 yakatoka matokeo ya wajawazito zaidi ya 8,400 wa Dar es Salaam wasio na virusi hivyo. Watoto waliozaliwa na uzito mdogo walishuka kutoka 9.4 hadi 7.8 katika kila 100. Utafiti huo haukuhusu mafua. Ila ninavyouelewa mimi, unatufundisha kwamba mwenye pengo la lishe akizibiwa pengo lake anapata nafuu, na aliyeshiba akijaziwa zaidi hapati kitu, pengine anadhurika.

Na pengo la lishe ni hatari ya jirani pia. Mwaka 2001 Melinda Beck na wenzake wa Marekani waliwaambukiza mafua panya waliokosa madini ya seleniamu, ambayo ni kiungo cha walinzi wa mwili. Ndani ya panya hao dhaifu virusi vilibadilika umbile, vikawa vikali zaidi, hata vikaweza kuwaumiza panya walioshiba. Tukimwacha mmoja wetu na njaa, tusidhani maradhi yatabaki kwake.

Turudi Mazinde. Hapo jirani, Mombo, ndipo yanaposhuka magari kutoka Lushoto yamejaa kabichi, karoti, pilipili hoho na matunda, yanakwenda kulisha miji. Huku chini mama mjamzito anaweza kushinda kwa chai ya rangi na ugali wa jana. Hahitaji chupa ya dukani. Anahitaji mchicha au matembele, maharage, dagaa, karanga, embe au chungwa la msimu, na yai linapopatikana. Anahitaji pia vile vidonge vya kuongeza damu anavyopewa kliniki, na avimeze kweli, asivifiche chini ya godoro kwa sababu vinamchefua. Vikimchefua, amwambie muuguzi.

Jambo la pili ni moshi. Mafiga matatu ndani ya jiko lisilo na dirisha ni kiwanda kingine cha chembe chokozi, na mapafu yanayovuta moshi kila siku yanapokea virusi yakiwa yamekwisha kuchoka. Mwezi Mei mwaka 2024 Serikali ilizindua mkakati wa nishati safi ya kupikia, wenye lengo la kuwafikia Watanzania 80 katika kila 100 ifikapo mwaka 2034. Lengo ni zuri. Lakini mimba haingoji miaka kumi. Leo hii baba anaweza kutoboa dirisha jikoni au kulihamishia jiko uani, na akauma meno kidogo akanunua mtungi wa gesi mdogo. Kama hayo yote hayawezekani, basi mwingine ashike mwiko katika miezi hii.

La tatu ni kazi. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 inamkataza mwajiri kumpa mjamzito kazi yenye hatari kwa afya yake au ya mtoto, na inampa likizo ya uzazi ya siku 84 yenye malipo. Sheria hiyo ni ya mfanyakazi wa benki Dar es Salaam, na ni ya yule anayefanya kazi kwenye vumbi la mkonge vilevile. Msimamizi anayemwacha mama mwenye mimba chumba cha brashi huku anakohoa, ajue anacheza na roho mbili na sheria moja.

La nne ni homa. Katika wilaya kama Korogwe, mtu akipata joto tunasema ni malaria. Kuanzia mwaka 2008 watafiti waliwafuatilia huko wajawazito karibu 1,000, na kazi yao ilionyesha kwamba malaria ya mwanzoni mwa mimba inadumaza ukuaji wa mtoto tumboni. Kwa hiyo mjamzito mwenye homa apimwe, asikisiwe. Kipimo kikisema hakuna malaria na kikohozi kipo, asirudishwe nyumbani na neno "mafua tu". Asikilizwe kifua, na apimwe hewa ya damu kwa kile kifaa kidogo cha kidoleni.

Wenye maduka ya dawa nanyi nisikieni. Paracetamol kwa kipimo chake inaweza kumshusha homa mjamzito. Diklofenaki na ibuprofeni msimpe bila daktari, hasa mimba ikishapita nusu, maana zinaweza kumdhuru mtoto. Na kuhusu nyungu, ambayo wengi wetu tuliifahamu upya mwaka 2020, sina ugomvi na wazee wangu. Mvuke unaweza kumfungua mtu pua. Lakini hauui virusi, na kumfunika mama mwenye mimba blanketi juu ya chungu kinachochemka ni kumwongezea joto na hatari ya kuungua wakati anapohitaji hewa baridi na maji ya kunywa.

Dalili za kukimbilia hospitali ni hizi, na nakuomba uziandike: kupumua kwa shida au haraka akiwa amekaa tu, kifua kubana, homa isiyoshuka, midomo kubadilika rangi, kuchanganyikiwa, kutokwa damu, mtoto kupunguza kucheza. Ukiona mojawapo usingoje kupambazuke, wala usingoje mama mkwe atoe ruhusa. Usipoziba ufa utajenga ukuta, na ukuta wa jambo hili ni kaburi.

Kuhusu chanjo, Tanzania ilizindua chanjo ya Uviko tarehe 28 Julai 2021, na Shirika la Afya Duniani linashauri mjamzito aipate. Kwa homa ya mafua, utafiti wa Afrika Kusini uliotolewa mwaka 2014 ulionyesha kuwa chanjo aliyochomwa mama ilipunguza ugonjwa huo kwa karibu nusu, kwake na kwa mtoto wake mchanga. Sisi hapa mjamzito akienda kliniki huchomwa ya pepopunda kwa kawaida. Hii ya mafua hana mazoea nayo. Wizara na mabingwa wetu waijadili hadharani, wapige hesabu ya gharama, watuambie. Wananchi wana haki ya kujua.

Mwisho nina neno kwenu ninyi wa mjini, mnaonisikiliza au mtakaonisoma gazetini. Mafua hayazaliwi Mazinde. Yanapanda basi pamoja nasi, yanapiga chafya Chalinze, yanashuka Mombo kula, kisha yanakwenda kumsalimia dada au shemeji mwenye mimba. Mwezi wa Desemba tunakwenda kwetu tukiwa na zawadi za sukari na vitenge. Ukiwa na mafua, ahirisha safari siku chache. Ukishindwa kuahirisha, vaa barakoa, nawa mikono, msalimie kwa mbali, na umweleze kwa nini. Hatakuona una maringo. Ataelewa kwamba umemheshimu yeye na mgeni anayemngojea.